Kufuli la Nje

Tulipomzika mdogo wangu Kanini mwezi uliopita, mchungaji alinipa nafasi ya kumuaga kabla jeneza halijateremshwa, nikafanya jambo ambalo watu wa Malili bado wanalizungumza. Sikulia wala sikuomba. Nililizunguka jeneza lote polepole, kiganja cha mkono wa kulia kikiwa juu ya mbao. Nikagusa kila kona na kila skrubu, nikainama kuangalia chini pale kamba zilipopita, kisha nikamwambia mchungaji kwamba liko tayari. Mwanamke mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba hayo ni mambo ya Kitui, na kila mtu huku Makueni anajua kwamba akisema hivyo anamaanisha uchawi. Mjukuu wa Kanini, ambaye huniita bibi kwa Kikamba, aliniuliza wakati wa chakula, "Susu, ulikuwa umepoteza nini?" Nilimwambia sikuwa nimepoteza kitu, nilikuwa nakagua. Aliniangalia kama mtoto anavyomwangalia mtu mzee, akaenda kuongeza wali. Yeye ndiye ninayemwandikia. Niliacha shule darasa la sita, kwa hiyo asitarajie maneno makubwa. Habari za wazazi wetu nitaziruka: walikufa, tukabaki wawili, mimi nikiwa na miaka kumi na saba na Kanini kumi na mitatu.

Huo mwaka, mwanzoni mwa miaka ya themanini, sisi huuita mwaka wa mahindi ya manjano, kwa sababu mvua ilikataa kabisa na mahindi yaliyoletwa kutoka ng'ambo yalikuwa ya rangi ya viini vya mayai. Tulikuwa Mwingi, katika ploti ya Mama Njeri, mjane kutoka huko juu Kiambu, mtu wa kanisa sana, mwenye duka linaloangalia barabara ya Garissa. Nyuma ya duka kulikuwa na ua, na uani vyumba vitatu vya mawe vilivyoezekwa mabati. Cha kwanza kilikuwa chake. Cha kati kilikuwa stoo, akatupa sisi tulale humo, na Kanini akakubaliwa kuendelea na shule. Mimi ningepika na kufagia. Cha tatu kilikuwa na kufuli. Jioni tuliyofika aliniketisha jikoni kwake, akafunga mlango, akaniambia kwamba chumba cha tatu kina mgeni, ameletwa na kaka yake aliyekuwa akifanya biashara ya malori mpakani. "Kazi yako ni mbili, Mwende. Apate chakula, na asionekane." Akanipa ufunguo uliofungwa kipande cha leso. Nilipaswa kumfungulia asubuhi kabla duka halijafunguliwa, nitoe ndoo, niingize maji na chai, nifunge tena kwa nje. Na vivyo hivyo saa saba mchana duka likifungwa. "Mlango wenye kufuli nje hakuna mtu anauuliza swali," alisema. "Na wewe usitoke hapa kwa ploti. Sokoni nitaenda mwenyewe. Moto ukitokea, nani atamfungulia?" Sikuona ubaya wowote siku hiyo. Tulikuwa tumepata paa. Ilinichukua wiki mbili kuelewa kwamba nami nimefungwa, tena na ufunguo niko nao shingoni.

Mgeni alikuwa mtu mrefu, ambaye zamani alikuwa na tumbo. Sasa tumbo lilikuwa limeisha na ngozi imebaki. Viatu vyake vilikuwa vyeusi, vinang'aa kila siku, na hakuwa na mahali pa kwenda. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kikavu, cha amri. Siku ya pili aliusukuma ugali kwa kidole.

"Hii chakula gani?"

"Ugali, Mzee."

"Ugali ni nyeupe. Hii ni ya farasi."

"Basi mwaka huu sisi wote ni farasi, Mzee. Kula."

Alicheka mara moja, kwa sauti kubwa, akaziba mdomo mwenyewe kwa mkono. Nadhani alikuwa hajacheka kwa miezi, na sauti ilimtoka kabla hajakumbuka yuko wapi. Kuanzia hapo tulizungumza, kila mchana, duka likiwa limefungwa na jua limewafukuza watu wote barabarani. Stoo yetu na chumba chake viligawana ukuta ambao haukufika juu. Chini ya mabati kulikuwa na nafasi ya mkono mmoja. Nilikaa upande wangu nikichambua mahindi ya muthokoi, yaliyotwangwa kutolewa maganda, yeye upande wake, na maneno yakapita juu. Joto la mabati lilikuwa linatufanya tunyamaze kati ya sentensi. Nje tulisikia madereva wakitaniana, mbuzi wakielekea mnadani, watoto wa shule. Nilijua mji mzima kwa masikio. Kanini akirudi jioni alinieleza nguo ya kitambaa gani imetundikwa kwenye duka lipi, na nilimchukia kidogo, yeye ninayempenda, kwa sababu alikuwa na vumbi miguuni.

Kila asubuhi kabla sijamfungulia nilisikia kitu kupitia ukutani: mlio mwepesi wa ngozi ikipita juu ya chokaa, ukienda, ukipiga kona, ukirudi pale ulipoanzia. Nilidhani ni mtu anayepoteza akili. Siku moja nikamuuliza.

"Mzee, kila asubuhi unatafuta nini kwa ukuta?"

Akaniambia, kama mtu anayetaja kijiji chake, kwamba alikuwa kamanda wa jeshi la anga la nchi yake wakati wa vita. Sitaitaja nchi hiyo. Waliokufa huko wana ndugu. Vita vile upande wake ulishindwa, na ndiyo maana alikuwa akila ugali wa farasi Mwingi. "Ndege kabla haijapanda," alisema, "rubani anaizunguka. Anashika kila kitu kwa mkono, kwa sababu jicho ni mwongo. Hiyo ni sheria ya dunia nzima. Lakini kwangu mimi, rubani akimaliza, nilikuwa nazunguka tena. Kamanda mzima, na tumbo yangu, napiga magoti kwa lami."

"Ulikuwa huwaamini?"

"Niliwaamini sana. Wewe husikii. Kitu nimeshika kwa mkono wangu, ikianguka, hakuna mtu ataenda kwa mama ya kijana kusema kijana alikosea. Kosa ni yangu. Nilikuwa naibeba kabla haijatokea. Na kijana anaona. Anapanda juu akiwa mwepesi."

Wale vijana aliwajua mmoja mmoja: aliyekuwa akitapika kila safari ya kwanza ya wiki, aliyekuwa akimwandikia barua mama yake asiyejua kusoma, aliyeiba kuku wa kasisi. Aliwasema kwa majina, na sikuwahi kumsikia akijisifia ushindi wowote. Mimi ambaye sikuwa nimewahi kuona ndege ila ile nukta inayopita juu, nilijikuta najua mahali mafuta yanapovuja. Aliniuliza nina watu wangapi. Nilisema mmoja. "Mmoja ni mgumu," alisema. "Mimi nikichoka na mmoja nilienda kwa mwingine. Wewe utaenda wapi?"

Katikati ya mwaka sukari ilipotea madukani. Kulikuwa na maneno barabarani kwamba Mama Njeri anaificha, na kwamba hicho chumba cha tatu kimejaa magunia. Nilikuwa nawasikia vijana waliokaa kwenye ukuta wa duka. "Kufuli kubwa namna hiyo, ni ya kufungia mwiko?" Mwingine: "Siku moja tutakunywa chai hapo ndani, na huyo msichana ndiye atatupikia." Wiki moja walirusha mawe juu ya mabati ya chumba cha tatu saa tisa mchana. Mgeni ndani hakuthubutu hata kukohoa. Mama Njeri aliongeza maombi. Mimi nilianza kulala na viatu.

Mchana baada ya mawe ndipo mgeni aliponiambia lile lingine. Sikumuuliza. Alisema wiki ya mwisho ya vita ndege zilikuwa zimebaki bila mafuta na adui yuko karibu, na kutoka juu ikaja amri kwamba marubani na mafundi wasitoroke. "Nikawafungia kwa bweni. Mlango ya chuma. Kufuli nje, kama hii yako. Nikaenda mjini kuuliza wakubwa sasa tunafanya nini. Nilikuwa nimeketi kwa ofisi, nimeletewa chai, tukapigwa mabomu. Si sisi. Wao. Na ufunguo ilikuwa hapa." Sikumwona, lakini nilisikia kiganja kikipiga mfuko wa shati. "Asubuhi ile sikuzunguka kitu, hakukuwa na ndege ya kupanda. Nilishika kufuli peke yake."

Nilichukua ungo wangu nikaenda jikoni. Kwa siku kadhaa niliweka sahani mlangoni bila kumwangalia, nikafunga. Sijawahi kuamua kama alikuwa mtu mwema, na hata leo sitaamua. Mama za wale vijana ndio wenye haki hiyo. Lakini tangu siku hiyo ule ufunguo ulibadilika uzito shingoni mwangu. Nilikuwa nauvua ninapooga, nauweka mahali ninapouona, kama mtu anayechunga nyoka.

Ndipo akaja Baba Mkubwa, kaka ya baba yetu, kutoka Ikutha. Ilikuwa Alhamisi. Mama Njeri alikuwa ameenda kwao mazishini, harudi mpaka Jumatatu, na duka limefungwa. Baba Mkubwa alisimama getini na kofia yake ya kanisani, akanywa maji, akasema amepita tu kuwaona watoto wa ndugu yake, na umekonda sana, Mwende, hawakulishi? Akaenda. Saa kumi jioni ni msichana wa darasa la Kanini aliyeleta mkoba wake. "Baba yenu mkubwa amekuja akamchukua. Amemwambia wanaenda kumwona susu yenu mgonjwa. Lakini mimi nilimsikia akimwambia mwalimu hatarudi, Jumamosi kuna ntheo."

Wakamba wanajua. Kwa asiyejua, ni hivi: upande wa mwanamume unaleta mbuzi watatu nyumbani kwa msichana, na siku iliyopangwa mmoja anachinjwa hapo. Kabla ya kisu, ni maneno tu. Baada ya kisu, msichana ni wa watu, hata kama bado anajifunza hesabu za sehemu. Nilikuwa na siku moja na usiku wake, Ikutha ni kusini kabisa ya Kitui, na nilikuwa na mtu nyuma ya kufuli.

Nilimfungulia saa ambayo si yake. Alisimama wima akidhani wamekuja kumchukua.

"Wamemchukua Kanini," nikasema. Nikamweleza yote, nimesimama mlangoni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake ukafungwa, nikaona jinsi alivyokuwa zamani. "Niletee debe ya maji na hiyo muthokoi yote. Funga. Nenda na ufunguo."

"Na hao vijana wa sukari wakija na petroli?"

"Watapata sukari imeungua."

"Mzee, mimi sifanyi mchezo."

"Hata mimi. Hiyo ni amri."

"Hata wewe ulipewa amri," nikamwambia.

Nilitamani kulirudisha neno hilo, lakini lilikuwa limeshatua. Aliketi kitandani. Nilivua ufunguo, nikauweka pamoja na kufuli juu ya blanketi karibu naye. "Hii siwezi kubeba," nikasema. "Ukitaka kukaa, kaa. Ukitaka kutoka, toka. Mimi sifungi."

"Unajua huyu mama atakufukuza."

"Najua."

Alikiangalia kile chuma kidogo kwa muda mrefu bila kukigusa. Nilipogeuka ndipo aliposema, "Ukifika huko, usipige kelele. Kelele ni ya mtu hana kitu kwa mkono. Angalia ile kitu yenyewe iko wapi. Weka mkono juu yake."

Niliondoka alfajiri ya Ijumaa juu ya magunia ya mkaa, na lori likaharibika mbele ya Mutomo. Sehemu ya mwisho niliitembea. Nilifika boma la Baba Mkubwa Jumamosi asubuhi, wageni wakiwa hawajafika. Mbuzi watatu walikuwa wamefungwa kwenye nguzo ya ghala. Mchinjaji, jirani yake, alikuwa akinoa kisu juu ya jiwe. Kanini alitoka jikoni amevaa gauni la mtu mkubwa, mikono imepandishwa kwa pini. Aliponiona aliketi chini palepale.

"Ee, Mwende!" Baba Mkubwa akasema. "Harufu ya nyama imefika mpaka Mwingi?"

Nilimsalimu kwa heshima, kama nilivyofundishwa. Halafu nikaenda kwa mbuzi. Sijui kama ningejua la kufanya bila yale maneno. Niliwazunguka wote watatu, nikawashika pembe, mgongo, kwato, nikakagua kamba. Mchinjaji akacheka. "Huyu ni daktari wa mifugo?" Nilipofungua kamba ya tatu, Baba Mkubwa aling'aka.

"Wewe! Acha mbuzi za watu!"

"Ndiyo, Baba Mkubwa. Nawapeleka kwa wenyewe. Kanini, inuka."

Alipiga kelele. Alitaja marehemu baba yetu, alitaja njaa, akauliza mimi ni nani, nimeolewa na nani, nimesoma wapi. Akamwambia jirani yake anishike. Yule mchinjaji alikitazama kisu chake, akawatazama mbuzi, akakirudisha kisu kwenye ala pole pole kama mtu anayeagana na supu. "Mimi niliitwa kuchinja," akasema. "Kushika watoto yatima sikuitwa. Na mbuzi akirudishwa na mkono wa wenye msichana, amerudi, na ntheo imekufa. Wewe mwenyewe unajua hivyo."

Tuliwaswaga mbuzi njia nzima ya kuvuka mto mkavu, Kanini akiwa nyuma na fimbo, bado amevaa lile gauni. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mwanamume aliyeleta mbuzi. Bomani kwake tulimkuta mke wake wa kwanza, ameketi anasuka kiondo, nyuzi zikiwa mdomoni. Alizitema.

"Umewarudisha wewe kama nani?"

"Baba yetu alikufa. Mimi ndiye mkubwa."

Alimwangalia Kanini, akaangalia pini za mikononi, kisha akamwita mmoja wa mbuzi, mweupe mwenye doa jichoni. "Huyu ni wangu. Miaka miwili ya vyondo. Alitolewa zizini bila mtu kuniuliza." Akainuka akafungua zizi mwenyewe, akawahesabu wakiingia, akaweka mti mlangoni. "Mwenye kutaka kuwatoa tena atanipita mimi. Kunyweni uji haraka, huyo mwenyewe ako sokoni ananunua shati."

Jumatatu tulishuka Mwingi na vumbi hata kwenye kope. Mama Njeri alikuwa amerudi asubuhi hiyo. Alikuwa kwenye kaunta amekasirika kwa sababu jikoni kuna baridi. "Umekuwa wapi? Mpe mtu chakula." Nilitazama uani. Kufuli lilikuwa mahali pake, limefungwa, nje. Nilidhani mtu amemfungia. Nilikimbia stoo, na juu ya mkeka wangu, chini ya ile nafasi ya ukutani, nikakuta ufunguo na kipande chake cha leso.

Nilifungua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama meza. Debe limesafishwa, limepinduliwa. Hakukuwa na mtu. Kwa mara ya kwanza nilisimama mle ndani mlango ukiwa wazi kabisa na jua likiingia, nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona mwaka mzima: ukutani, kuzunguka chumba chote, palikuwa na mstari wa jasho la mkono, mweusi, unang'aa, juu kidogo ya bega langu, ukikatika mlangoni tu.

"Yuko wapi?" Mama Njeri aliuliza nyuma yangu.

"Ameondoka."

"Nani alimfungulia?"

"Ni mimi."

Hakunipiga. Alisema tu kwamba kabla ya jioni asituone. Kilichotokea nilikisikia kwa muuza maji getini. Jumamosi, karibu saa tatu asubuhi, mtu mrefu alitoka ndani ya ploti, viatu vinang'aa, akawaendea wale vijana ukutani, akawasalimu mmoja mmoja kwa mkono. "Akawaambia, nyinyi mnataka sukari? Njooni. Akawafungulia mlango. Wakaingia, wakainua godoro, wakanusa ndoo. Hawakupata hata kijiko. Akawaambia, mmemaliza kukagua? Wakasema ndiyo, afande. Mimi sijui hiyo afande walitoa wapi. Akarudi ndani kidogo, akatoka, akabana kufuli, akafuata barabara ya Garissa, katikati kabisa, malori yakimpigia honi." Hakuna aliyerusha jiwe tena kwenye ploti ile, wala polisi hawakuja. Sikuwahi kulisikia jina lake redioni, na sikumtafuta.

Sisi tulifuata barabara nyingine mpaka hapa Malili, nikapikia madereva maharagwe kwa miaka mingi, na Kanini akasoma, akawa mwalimu, akazaa, mkapatikana nyinyi. Kila asubuhi kabla hajaenda shule nilimsimamisha mlangoni, nikamzunguka: kola, vifungo, mkanda wa mkoba, soli za viatu. "Kwani mimi ni ndege?" alikuwa akilalamika. "Simama, nakagua." Nilimkagua siku ya mtihani, siku ya harusi yake, siku ya kila uzazi. Alizoea mpaka akawa anainua mikono mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini, mwalimu mkuu, wanafunzi wakimwona.

Mara moja tu sikuwahi. Siku ile alipozidiwa, gari lililompeleka hospitali liliondoka mimi nikiwa nafunga jiko, nikafika kwake nikakuta vumbi. Hakurudi. Ndiyo maana pale kaburini nilichukua muda wangu, upande mmoja na mwingine, kona zote, na mchungaji akangoja.